Nyufa 3,000 juu ya sitaha: aloi 5456 na manowari za Ticonderoga

Kati ya mwaka 1983 na 1994 jeshi la majini la Marekani lilipokea manowari 27 za aina ya Ticonderoga. Mwili wa meli hizo, yaani sehemu inayokaa majini, ni wa chuma. Kilichosimama juu ya sitaha kuu, kuanzia chumba cha nahodha hadi kuta zinazobeba rada, ni cha alumini ya aloi 5456, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi na vitu vingine vichache. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda wanaikumbuka mojawapo, Vella Gulf, iliyokuwa Ghuba ya Aden mapema mwaka 2009 ikiwakamata watu walioshukiwa kuwa maharamia. Kufikia mwaka 2010 meli 22 za aina hiyo zilikuwa bado kazini, na hesabu ya nyufa zilizogunduliwa katika alumini yake ilikuwa imepita 3,000.

Nyufa hizo hazina chanzo kimoja. Meli inapopanda na kushuka juu ya mawimbi, mwili wa chuma hujipinda, na jengo la alumini lililoshikamana nao hulazimika kuufuata, mara mamilioni katika maisha ya meli. Vifaa viliongezwa juu kadiri miaka ilivyokwenda, na pembe za milango na matundu zilikusanya mkazo mahali padogo. Metali yoyote ingechoka hapo. Kwa kawaida, bamba likichoka likapasuka, fundi huuchimba ufa, akauchomelea, na kazi ikaendelea. Katika meli hizi ilitokea mafundi wakaziba ufa, na kando ya mshono mpya ukachomoza ufa mwingine. Bamba lenyewe lilikuwa limegeuka. Na sababu ya kugeuka huko ilikuwa imeandikwa katika cheti cha kiwanda tangu siku lilipotoka, kwenye mstari wa magnesi: asilimia 4.7 hadi 5.5.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo orodha za aloi hazilionyeshi. Orodha hukuambia aloi fulani "inafaa baharini" kana kwamba ni sifa ya kudumu, kama rangi au uzito. Ukweli ni kwamba uwezo wa alumini kuhimili ulikaji hutegemea kilichochanganywa ndani yake, mahali kilipojikusanya ndani ya bamba, na joto ambalo bamba limepitia tangu lilipotoka kiwandani. Mambo hayo mawili ya mwisho hayakai pale yalipokuwa.

Kwa nini alumini, na kwa nini hiyo

Ticonderoga zilichukua mwili wa manowari za Spruance zilizotangulia, kisha zikabebeshwa Aegis, mfumo wa kivita wa ulinzi wa anga, pamoja na bapa nne kubwa za rada ya SPY-1, zote zikiwa juu. Uzito ukipanda juu, ni rahisi zaidi meli kulala upande. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, ya alumini ina gramu 2.7. Kujenga sehemu ya juu kwa alumini ndiko kulikoiruhusu rada ile kubebwa na mwili uleule.

Alumini inastahimili hewa na maji kwa sababu ya ngozi ya oksidi inayojitengeneza yenyewe juu yake, yenye unene wa nanomita chache tu. Ukiikwaruza, inajifunga upya papo hapo. Adui wake mkubwa baharini ni kloridi, ile sehemu ya chumvi inayopenya pale ngozi ilipo dhaifu na kuchimba vishimo. Sasa swali la mchanganyiko linaanzia hapa: ngozi inakuwa dhaifu wapi? Aghalabu inakuwa dhaifu juu ya chembe ya kitu kingine kilichomo ndani ya alumini. Chembe hiyo na alumini inayoizunguka zina nguvu tofauti za kielektrokemia, maji ya chumvi yanaziunganisha, na mmoja anamla mwenzake.

Shaba ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Aloi 2024, iliyotumika kwa miongo mingi kutengeneza ndege, ina shaba ya asilimia 3.8 hadi 4.9. Ni imara sana, lakini ukiiacha uchi karibu na bahari inaoza haraka, kwa sababu chembe zenye shaba huwa kathodi, yaani upande usioliwa, na kuilazimisha alumini ya jirani iyeyuke. Ndiyo maana mabamba yake ya ndege hufunikwa kwa tabaka jembamba la alumini safi pande zote mbili. Chuma kidogo kilichobaki kutoka kwenye uyeyushaji hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango cha chini: kinajikusanya katika chembe ngumu ambazo ni kathodi, na vishimo vinaanzia kandokando yake.

Magnesi ina tabia nyingine. Inaingia katika alumini na kutawanyika humo atomu kwa atomu, inaikaza, na haiitofautishi sana kielektrokemia. Bamba lenye magnesi na lisilo na shaba hukaa baharini bila rangi kwa miaka likabadilika rangi tu juu juu. Tena linachomelewa vizuri. Aloi ya 6061, ambayo nguvu yake inatokana na kupikwa kwa joto maalumu, hupoteza karibu nusu ya nguvu hiyo kando ya mshono. Zile za magnesi hupoteza tu ile nguvu zilizoipata kwa kubanwa na roli.

Kadiri magnesi inavyozidi, ndivyo nguvu inavyozidi. Aloi 5052, yenye magnesi ya asilimia 2.2 hadi 2.8, huanza kupinda moja kwa moja kwenye mkazo wa karibu megapaskali 160. Ile ya 5086, yenye asilimia 3.5 hadi 4.5, hufika 195. Ile ya 5083, yenye asilimia 4.0 hadi 4.9, hufika 215. Na 5456, iliyo juu kabisa ya ngazi hiyo, hufika 230. Mbunifu wa meli anayepigania kila tani atachukua ya mwisho. Ningekuwa mezani naye katika miaka ya 1970 nikiwa na takwimu hizo tu, sidhani ningepinga.

Yaliyobaki ndani ya 5456 yamepangwa kwa akili nyingi, na inafaa kuyaangalia. Shaba imewekewa kikomo cha asilimia 0.10, kwa sababu niliyoeleza. Manganisi, asilimia 0.5 hadi 1.0, inaongeza nguvu kidogo, lakini kazi yake nzuri zaidi ni kukishika chuma: chembe ya chuma iliyochanganyika na manganisi ina nguvu ya kielektrokemia iliyo karibu na ya alumini, kwa hiyo haiichimbi sana. Kromi kidogo inazuia punje za metali zisikue ovyo. Silikoni imebanwa chini ya asilimia 0.25 ili isiikamate magnesi na kuitoa kazini. Mtu aliyeiandika aloi hii alijua ulikaji vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye kile kipimo kimoja kikubwa, na lilihitaji muda kujitokeza.

Magnesi inapohama

Kwenye nyuzi 450 za Selsiasi alumini inaweza kubeba karibu asilimia 15 ya magnesi ikiwa imeyeyuka ndani yake. Kwenye joto la kawaida inaweza kubeba takriban asilimia 2 tu. Bamba la 5456 lina asilimia 5. Hiyo ziada ya asilimia 3 imekwama ndani kwa sababu bamba lilipozwa kabla haijapata nafasi ya kutoka. Kimsingi inataka kutoka, na ikipewa joto kidogo na muda mrefu, itatoka.

Inatokea wapi? Metali imejengwa kwa punje zilizobanana, na baina ya punje na punje kuna mpaka ambapo atomu hazijapangana vizuri. Atomu za magnesi husafiri kwa urahisi zaidi kwenye mipaka hiyo, na huko ndiko zinakokutana na alumini kutengeneza kiwanja kipya, atomu tatu za alumini kwa mbili za magnesi, kinachojulikana kama awamu ya beta. Mwanzoni ni nukta hapa na pale. Baadaye nukta zinaungana na kuwa utepe mwembamba unaozunguka kila punje.

Beta ni anodi, yaani upande unaoliwa, kwa alumini inayoizunguka, kwa tofauti ya karibu volti 0.4 katika maji ya chumvi. Kwa hiyo ikifikiwa na maji hayo, inaliwa yenyewe kwanza, kwa kasi, na punje zinabaki zimesimama bila kiungo. Hali hii ya bamba kuwa tayari kuliwa kwenye mipaka huitwa sensitizesheni. Ukiliangalia kwa macho huoni kitu. Rangi ni ileile, unene ni uleule, hata ukilivuta kwenye mashine ya kupima nguvu linatoa takwimu zilezile. Lakini likivutwa na mkazo huku limeloa maji ya bahari, ufa unapita kwenye mipaka hiyo kutoka punje hadi punje.

Kizingiti kinachokubalika katika fani hii ni magnesi ya asilimia 3. Chini yake ziada ni ndogo mno kuleta utepe wa beta. Juu yake hatari inaanza, na inapanda pamoja na magnesi. 5456 imekaa juu ya ngazi ya nguvu na juu ya ngazi ya hatari kwa sababu ileile moja.

Onyo lililotangulia

Jambo linalonisikitisha zaidi katika kisa hiki ni kwamba tabia hii haikuwa siri. Wakati wa vita vya Vietnam, katika miaka ya 1960, jeshi hilohilo lilikuwa na boti zenye mabamba ya 5456 katika hali ya ukazaji (namna bamba linavyobanwa na kupashwa joto kiwandani) iliyoitwa H321. Kwenye maji ya joto ya mito na pwani ile, mabamba yalianza kubanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kukunja. Punje za bamba lililopitishwa kwenye roli huwa zimelazwa bapa, na utepe wa beta ukiliwa kwenye mipaka iliyolala sambamba na uso, tabaka zinainuka.

Viwanda vilijibu kwa kutengeneza hali mpya ya ukazaji, H116, pamoja na mwenzake H117. Mchanganyiko ulibaki uleule. Kilichobadilika ni ratiba ya joto na ubanaji kiwandani, ili beta yoyote iliyopo itawanyike ndani ya punje badala ya kujipanga kwenye mipaka. Ilifanya kazi: bamba la H116 likitoka kiwandani linapita mtihani wa kubanduka bila shida. Ticonderoga zilijengwa kwa bamba hilo lililoboreshwa.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. H116 ilitibu hali ya bamba siku ya kuuzwa. Ile ziada ya magnesi ilikuwa bado humo ndani, yote, ikisubiri joto.

Joto kiasi gani?

Kanuni ya zamani ilisema aloi zenye magnesi ya zaidi ya asilimia 3 zisitumike mahali penye joto la kudumu la zaidi ya nyuzi 65. Wengi waliisoma kama ruhusa: chini ya 65 uko salama. Maabara huharakisha mambo kwa kuliacha bamba kwenye nyuzi 100 kwa siku saba, na hiyo inatosha kulitoa bamba zuri la 5083 au 5456 kwenye usalama na kulitia hatarini. Ukishusha joto, muda unarefuka. Kwenye nyuzi 50 inahitaji miaka. Lakini meli ya kivita inakaa kazini miaka 30, na miaka ndiyo iliyo nayo kwa wingi.

Sitaha iliyopakwa rangi ya kijivu iliyokolea, ikiwa chini ya jua la Ghuba ya Uajemi mwezi wa Julai, huwa haikanyagiki kwa mguu mtupu. Watu wetu waliofanya kazi bandarini Muscat, Dubai au Doha wanaijua hali hiyo bila kuelezwa. Ticonderoga zilipelekwa huko mara kwa mara tangu miaka ya 1980. Ndani, kila meli ina injini nne za gesi za LM2500, na mabomba ya moshi wake yanapanda katikati ya jengo la alumini. Pamoja na kwamba yamezungushiwa vizuia joto, kuta za jirani huishi na uvuguvugu usiokwisha. Kwa hiyo ndani ya meli moja unaweza kukuta bamba la kivulini ambalo bado ni zima, na mita chache kutoka hapo, sitahani au karibu na bomba la moshi, bamba lililotoka kwenye shehena ileile ambalo mipaka yake yote imezungukwa na beta.

Hii ilifanya ukaguzi kuwa mgumu. Huwezi kupima bamba moja ukaihukumu meli.

Asidi ndiyo inayosema

Kipimo kinachotegemewa ni kile cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, namba G67, na ningependa msomaji akione jinsi kinavyofanyika, kwa sababu ndicho kinachotenganisha maneno ya muuzaji na ukweli. Unakata kipande cha bamba, kirefu kama kidole na chembamba. Unakisugua kingo zikawa laini, unakisafisha kwa magadi makali ya moto kwa dakika moja, unakisuuza, unakikausha, unakipima kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu. Kisha unakitumbukiza katika asidi ya nitriki kali, isiyoongezwa maji zaidi, iliyoshikiliwa kwenye nyuzi 30 kamili. Kinakaa humo saa 24.

Asidi ya nitriki ni kali, lakini alumini yenyewe haiigusi sana, kwa kuwa inaizidishia ngozi ya oksidi. Beta ndiyo inayoliwa. Kama beta ni nukta zilizotawanyika, kipande kinatoka karibu kama kilivyoingia. Kama ni utepe uliokamilika, asidi inaingia kwenye mipaka, inakata viungo, na punje nzima nzima zinadondoka chini ya chombo kama unga wa kijivu. Unakipiga brashi na kukipima tena. Kilichopungua, kikigawanywa kwa eneo la uso, ndilo jibu. Miligramu 1 hadi 15 kwa sentimita ya mraba: bamba linahimili. Miligramu 25 hadi 75: bamba liko hatarini. Katikati ya hapo unahitaji darubini, ukiwa umekikwangua kipande kwa asidi ya fosforiki ili mipaka ijionyeshe. Mistari myeusi isiyokatika kuzunguka punje ni habari mbaya.

Ubaya wake ni kwamba lazima ukate bamba. Meli haiwezi kukatwakatwa vipande kila mwaka. Baadaye vikaja vifaa vya kubeba mkononi vinavyogandishwa sitahani na kupima kwa umeme kiasi cha beta bila kukata, na kwa maoni yangu hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko yote yaliyozaliwa na kisa hiki. Kabla yake, mara nyingi bamba lilijulikana kuwa bovu siku fundi alipowasha mashine ya kuchomelea.

Kwenye pembe ya mlango

Chukua pembe ya mlango mmoja unaotoka kwenda sitahani. Meli ikijipinda, mkazo unaopita ukutani hauwezi kupita hewani, kwa hiyo unazunguka tundu na kujibana pembeni, mara mbili au tatu ya mkazo wa kawaida. Pembe hiyo ndiyo inayopigwa na maji ya mawimbi, na chumvi inabaki ikikauka na kulowa tena. Juu yake jua. Ufa wa aina hii unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: bamba lililo tayari, mkazo wa kuvuta, na chumvi iliyoloa. Kwenye pembe vyote vitatu vipo. Ufa unaanza kama unywele chini ya rangi, unafuata mipaka ya punje, na kwa kuwa haunyooki kama ufa wa uchovu wa kawaida, mkaguzi anaweza kuupita asiuone mpaka rangi ipasuke.

Fundi anauchimba na kuuchomelea. Mshono unapopoa unajikunja na kulivuta bamba la pembeni. Bamba zima lingenyumbuka kidogo na kuvumilia. Hili, ambalo punje zake zimeshikana kwa utepe wa beta, linafunguka. Ndio ule ufa mwingine kando ya mshono. Ajabu ni kwamba kipande kilicho karibu kabisa na mshono, kilichopata joto la zaidi ya nyuzi 250 hivi, kinapona: beta inayeyuka na magnesi inarudi ndani ya punje. Lakini mbele kidogo ya hapo joto halikutosha kuponya, na mvuto ulitosha kupasua.

Njia ya uhakika ilikuwa kukata eneo lote lililoharibika na kuweka bamba jipya, kazi ya gharama kubwa na ya miezi. Penginepo mkazo ulipunguzwa kwa kuigonga mishono kwa mtetemo wa kasi sana ili uso wake ubanwe badala ya kuvutwa. Vikatumika pia viraka vya nyuzi na epoksi vilivyogundishwa juu ya ufa, ambavyo havina moto wala mvuto wa kupoa. Kwa viraka hivyo kuna jambo la kuangalia: nyuzi za kaboni ni kathodi kali kwa alumini, na zikigusana nayo penye chumvi zinaleta ulikaji mpya, kwa hiyo lazima tabaka la nyuzi za kioo litangulie chini.

Port Royal, ya mwisho kujengwa, iliyoanza kazi Julai 1994, ilipanda mwamba karibu na Honolulu mwezi Februari 2009. Katika mwaka huohuo iligundulika kuwa na nyufa nyingi katika jengo lake la juu. Ilikuwa meli changa kuliko zote katika aina yake, na miaka 15 ilikuwa imetosha. Ilistaafishwa Septemba 2022.

Walichofanya baadaye

Manowari zilizofuata, za Arleigh Burke, ya kwanza ikianza kazi mwaka 1991, zilirudi kwenye chuma kwa sehemu kubwa ya jengo la juu. Watu wengi hudhani nyufa ndizo zilizoamua. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa moto: Novemba 1975 meli ya Belknap iligongana na Kennedy, meli inayobeba ndege, karibu na Sicily, moto ukawaka, na alumini yake, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, ikaporomoka. Uamuzi wa kurudi kwenye chuma ulikuwa sahihi kwa manowari hizo, lakini haukujibu swali la mchanganyiko, na boti za kasi za kiraia haziwezi kurudi kwenye chuma.

Jibu la mchanganyiko limekuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kushuka ngazi. Aloi 5454 ina magnesi ya asilimia 2.4 hadi 3.0, chini ya kizingiti, na ndiyo inayotumika kwenye matangi ya vimiminika vya moto na mahali penye joto la kudumu. Nguvu yake ni megapaskali 180 au hapo karibu, kwa hiyo bamba linabidi liwe nene kidogo. Ya pili ni kuongeza zinki kidogo. Aloi ya 5059 ina magnesi ya asilimia 5 hadi 6, zaidi hata ya 5456, lakini ina zinki ya asilimia 0.40 hadi 0.90. Zinki hiyo inaingia kwenye kiwanja kinachojitenga na kukifanya kiwe kigumu zaidi kuliwa kuliko beta tupu. Inasaidia, ila haiondoi hatari. Bamba la 5059 likipikwa muda wa kutosha nalo litasensitika, na sikubaliani na wanaoiuza kana kwamba tatizo limekwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shehena za 5083 zilizokuwa na sensitizesheni tangu kiwandani ziliingia katika ujenzi wa boti nchini Marekani, na mabamba yakapasuka. Kutokana na hayo kikatungwa kiwango cha ASTM B928, maalumu kwa mabamba ya baharini yenye magnesi nyingi. Kinadai kila shehena ipimwe kwa G67 isizidi miligramu 15, au ilinganishwe kwa darubini na sampuli iliyopita.

Kwa wanaonunua bamba huku kwetu

Boti za kasi zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja ni za alumini, na aloi ya kawaida kwa vyombo vya aina hiyo duniani ni 5083. Ni aloi nzuri, na sitaki msomaji atoke hapa akiogopa kupanda boti. Mwili wake unaoguswa na maji hauzidi sana joto la bahari, nyuzi 25 hadi 30, na kwa joto hilo beta haiendi mbali katika maisha ya chombo. Wasiwasi wangu uko juu na ndani: paa la chumba cha abiria lililopakwa rangi ya giza, kuta za chumba cha injini, mabano ya bomba la moshi. Rangi nyeupe juu ya paa ni kinga halisi ya metali, na ni rahisi kuliko kiraka chochote. Kwenye mabano ya moshi omba 5454 au 5052, hata kama yataongezeka unene.

Ukiagiza bamba, usiridhike na cheti kinachosema 5083 tu. Kinapaswa kutaja H116, au H321 iliyopimwa kwa kiwango cha B928 (si ile ya zamani ya Vietnam), na matokeo ya G67 ya shehena ile. Bamba la 5083 la kawaida lisilopimwa kwa ajili ya bahari lina mchanganyiko uleule kwenye karatasi, hugharimu kidogo, na fundi hawezi kulitofautisha kwa macho. Soma pia mstari wa shaba: ukizidi 0.10, lirudishe. Chakavu kilichoyeyushwa upya mara nyingi huja na shaba na zinki kutoka kwenye vipuri vya injini, na hicho kinafaa kwa sufuria, hakifai kwa tumbo la boti.

Na kama chombo tayari kina miaka 15 au 20 na kinahitaji kuchomelewa sehemu ya juu, kata kipande kidogo kwenye eneo hilo, kipelekwe maabara yenye asidi ya nitriki na mizani nzuri, na subiri zile saa 24 kabla fundi hajawasha mashine.